Konde Huanzia Mguuni

Sisi tuliokulia Asembo Bay, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria upande wa Rarieda, tulilelewa na imani kwamba nguvu ni kitu ambacho mtu huzaliwa nacho. Jioni tulisimuliwa habari za Luanda Magere, shujaa wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki ya adui ikimgonga na kudondoka. Asubuhi tuliwatazama wavuvi wenye mabega mapana wakipakua mbuta kutoka mashuani, tukaafikiana kwamba mwenye mkono mnene ndiye mwenye konde zito. Miaka mingi baadaye, Conjestina Achieng', binti wa Gem, alipowika katika ndondi za kulipwa za wanawake, mashabiki walimpa jina la Mikono ya Jiwe. Lilikuwa jina la heshima na alilistahili. Hata hivyo lilituzoesha kuendelea kuutazama mkono, ilhali mkono hufanya sehemu ndogo tu ya kazi.

Nimekuwa karibu na ndondi tangu utotoni, kwanza kama bondia wa uzani mwepesi, kisha kama mwalimu wa fizikia anayewasimamia vijana mazoezini baada ya masomo. Miaka hiyo imenifunza kwamba konde halina nguvu zake lenyewe. Huziazima ardhini, huzipitisha mwilini, halafu huzitua kwenye mwili wa mtu mwingine. Anayetaka kupiga kwa nguvu sharti ajue zinakotoka. Na akishajua zinakotoka, hana ruhusa ya kutojua zinakokwenda.

Aliyenifungulia mlango huo hakuwa msomi. Alikuwa fundi wa mashua. Ujanani alikuwa mfanyakazi wa reli mjini Kisumu, na huko ndiko alikojifunza ndondi, enzi ambazo mashirika ya umma na vikosi vya usalama vilikuwa na timu zake na bondia hodari hakukosa ajira. Aliporudi nyumbani aliendelea kuchonga na kupigilia mbao, na jioni alitukusanya vijana chini ya mti alipoegesha mashua zilizosubiri kuzibwa nyufa. Gunia la mazoezi lilikuwa gunia la kweli, limejazwa vitambaa na mchanga kidogo, likaning'inizwa kwa kamba kuukuu ya nyavu. Tulimwita Japuonj, yaani mwalimu, na yeye alituita sote omera, yaani ndugu, mdogo kwa mkubwa.

Tulipokwenda kwake mara ya kwanza tulitarajia glavu. Badala yake alitupeleka majini. Mashua zilizokesha zikivua omena zilikuwa zinarudi, na kuna kazi moja ambayo hakuna mvuvi wa Asembo anayeweza kuifanya peke yake: kukipandisha ufuoni chombo cha mbao kilicholowa maji. Wanaume hujipanga pande zote mbili, migongo imeinama, mmoja anaanzisha wimbo ili wote wasukume kwa pamoja. Sisi tuliingia katikati yao, tukakaza mikono hadi ikatetemeka, na chombo hakikutambua kama tupo. Japuonj alisimama nyuma yetu akitazama nyayo zetu. "Omera," aliniambia, "mikono yako haina ugomvi na mashua. Ishikilie tu. Ugomvi wako ni na mchanga."

Nilishusha nyonga, nikachimbia vidole vya miguu kwenye mchanga uliolowa, nikaisukuma ardhi kwenda nyuma. Mashua ikasogea. Kwenye mchanga mkavu wa juu, miguu iliteleza na mashua ikasimama. Tulipofika pale mchanga uliposhindiliwa na mawimbi, ikasogea tena. Mikono ilikuwa ile ile, mashua ile ile. Kilichobadilika ni mahali pa kukanyaga.

Nilipokuja kuisoma kanuni ya tatu ya Newton katika shule ya upili, nilikuta ni jambo nililokwisha kulijua kwa nyayo. Ukiisukuma ardhi, nayo inakusukuma kwa kani iliyo sawa, kuelekea upande ulio kinyume. Kani hiyo inayorudi ndiyo mtaji wa bondia. Akipiga akiwa hewani, au akiwa amesimama juu ya visigino, mtaji wake ni haba. Ndiyo sababu mabondia husugua soli za viatu vyao kwenye unga wa utomvu kabla ya kupigana: wanatafuta msuguano kati ya kiatu na turubai. Wahenga walikwisha kusema kwamba nguvu za mamba zimo majini. Za bondia zimo sakafuni.

Safari ya konde la kulia, kwa bondia asiyetumia shoto, ina vituo vingi. Kisigino cha mguu wa nyuma huinuka, na dole gumba pamoja na kitako cha vidole husukuma. Goti hunyooka kidogo. Nyonga huzunguka, kiwiliwili huifuata, bega hufuata kiwiliwili, kisha kiwiko, na mwishoni kabisa kifundo cha mkono. Siri ipo katika mpangilio. Kiungo kizito kinaanza, kinashika kasi, halafu kinajizuia, na kwa kujizuia kinamkabidhi mwendo jirani yake aliye mwepesi zaidi, ambaye anakwenda kasi zaidi. Vyote vikianza kwa wakati mmoja, konde linakuwa zito la kutazamwa na jepesi la kupokewa. Bega likitangulia nyonga, kazi ya miguu yote imepotea njiani.

Watafiti wa Kisovieti wakiongozwa na Filimonov waliupima mgawanyo huu na kuuchapisha mwaka wa 1985. Kwa mabondia wa daraja la juu, msukumo wa miguu ulichangia takriban asilimia 38 ya nguvu za konde, mzunguko wa kiwiliwili asilimia 37, na kunyooka kwa mkono asilimia 24 tu. Kwa mabondia wa daraja la chini, miguu ilichangia kama asilimia 16, na mkono ukabebeshwa karibu asilimia 38. Kila ninapoziandika tarakimu hizo ubaoni naona vijana wakiangalia miguu yao. Tofauti ya bondia mkubwa na mwanagenzi haiko kwenye misuli inayoonekana akivua shati. Iko chini ya kiuno.

Mwaka wa 1988 michezo ya Olimpiki ilifanyika Seoul, na habari zake zilitufikia kwa redio. Robert Wangila Napunyi alimwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili ya fainali ya uzani wa welta, na kuleta medali ambayo mpaka leo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imeipata nje ya riadha. Katika michezo hiyo hiyo Mkenya mwenzake Chris Sande alipata shaba kwenye uzani wa kati. Ufuoni kwetu kila mvulana akawa Wangila. Tulirusha ngumi hewani, tukaangushana mchangani, tukahesabiana hadi kumi. Japuonj alituacha tuchoke, kisha akauliza: "Nani ataniambia mguu wake wa nyuma ulikuwa wapi?" Hakuna aliyejua. Redio ilikuwa imetupa mikono tu. Alitukalisha kwenye ubavu wa mashua iliyopinduliwa, akatueleza kwamba mtu hamwangushi mwenzake katika fainali ya dunia kwa mkono, na kwamba tukitaka kumheshimu Wangila tuanze kujifunza kusimama.

Kwa hiyo tulijifunza kusimama. Wakati wenzetu wakicheza kandanda, sisi tulikuwa tukihamisha uzito kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, mikono imefungwa nyuma ya mgongo ili isitudanganye. Baadaye ndipo ikaja zamu ya ngumi yenyewe, na hapo pia hakuwa na haraka. Alitufunga bendeji akiwa amepiga magoti mbele yetu, kuzunguka kifundo, juu ya viganja, katikati ya vidole, kisha akabonyeza fundo la kidole cha shahada na la kidole cha kati. "Hapa," alisema, "si pengine." Mafundo hayo mawili yamo katika mstari mmoja na mfupa mnene wa kigasha, kwa hiyo kani husafiri kwa njia iliyonyooka. Anayegonga kwa fundo la kidole kidogo huvunja mfupa wa kiganja, na hospitali zinaujua mvunjiko huo kwa jina la mabondia, ingawa wanaoupata mara nyingi ni watu waliopiga ukuta au kichwa cha mtu kwa hasira.

Umuhimu wa kifundo kilichonyooka hauishii kwenye kuzuia mvunjiko. Kiganja na vidole vya mtu mzima havifiki nusu kilo. Chukua nusu kilo hiyo, iendeshe kwa kasi ya mita 9 kwa sekunde, na utapata kofi tu. Lakini kama kifundo, kiwiko na bega vimekazwa pale tu konde linapotua, kigasha na bega huungana na ngumi vikawa kitu kimoja. Mwaka wa 2005, watafiti wa Marekani waliwapima mabondia wa kiwango cha Olimpiki na kukuta kwamba ngumi zao zilifika kwa wastani wa mita 9 hivi kwa sekunde, na ziligonga kana kwamba zina tungamo la takriban kilo 3. Hapo ndipo penye ufundi: kulegea njiani ili upate kasi, kukaza mwishoni ili upate uzito. Mtu anayekaza misuli tangu mwanzo anajifunga breki mwenyewe. Japuonj hakuwa na vifaa vya kupima, lakini alikuwa akitupigapiga begani tukiwa tumesimama mbele ya gunia, na bega likiwa gumu alisema, "Bado hujafika huko, mbona umekwisha kubisha hodi?"

Hesabu yake ni nyepesi, nami huwafanyisha wanafunzi wa kidato cha pili. Kilo 3 mara mita 9 kwa sekunde ni 27. Huo ndio wingi wa mwendo ambao lazima ukomeshwe. Swali linalobaki ni utakomeshwa kwa muda gani. Ukikomeshwa kwa sekunde 0.014, kani ya wastani ni kama nyutoni 1,900, karibu na uzito wa watu watatu wa kilo 65 kila mmoja wakikusimamia kwa wakati mmoja mahali palipo na upana wa ngumi. Na huo ni wastani. Kileleni kani huwa kubwa zaidi. Frank Bruno, bondia wa uzani mzito wa Uingereza, alipopimwa na watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka wa 1985, konde lake lilifika kwa mita 8.9 kwa sekunde na likafikisha nyutoni 4,096 ndani ya milisekunde 14 tangu kugusa. Watafiti walilifananisha na nyundo ya mbao ya kilo 6 iliyovishwa sponji, ikija kwa kasi ya kilomita 32 kwa saa.

Sasa rudi kwenye muda. Kama anayepigwa anarudisha kichwa nyuma kidogo, na konde likachukua sekunde 0.028 kukoma badala ya 0.014, kani ya wastani inapungua nusu. Konde ni lile lile, mpigaji ni yule yule. Naye anayeingia mbele kukutana nalo anaufupisha muda na kujiongezea mwendo wake mwenyewe juu ya ule wa mpinzani. Ndiyo maana bondia stadi humtegea mwenzake aje. Kwa hesabu hiyo hiyo unaelewa ukubwa wa bondia Mkenya Philip Waruinge. Mwaka wa 1968, katika Olimpiki ya Mexico, alipata shaba ya uzani wa unyoya, lakini waamuzi walimpa kombe la Val Barker, linalotolewa kwa bondia mwenye ufundi kuliko wote wa michezo mizima. Aliyenyakua dhahabu hakupewa, alipewa yeye. Maarifa ya kuzipunguza nguvu za mwingine yalitambuliwa kuwa na thamani sawa na maarifa ya kuzizalisha.

Hadi hapo nimezungumzia upande wa mpigaji, na kama ningekoma ningekuwa nimefundisha nusu ya somo. Nusu ya pili niliipata mjini Kisumu, katika mashindano ya vijana, mbele ya ukumbi uliojaa. Mpinzani wangu alikuwa mfupi kuliko mimi. Nilikuwa nikiutazama mkono wake wa kulia, na konde lililonifikia lilitoka kushoto, likazunguka, likatua ubavuni mwa kidevu. Sikusikia maumivu. Nakumbuka taa za dari zikiwa mahali ambapo zisingepaswa kuwa, kisha vidole vya refa vikiongezeka kimoja kimoja mbele ya uso wangu bila sauti. Nilifikiri bado nimesimama.

Yaliyotokea ndani ya kichwa changu sasa nayaeleza darasani kwa utaratibu. Kidevu ndiyo ncha ya mbali ya kichwa, kwa hiyo konde linalokigonga kwa ubavu hukizungusha kichwa kwa urahisi zaidi kuliko linalogonga paji la uso. Ubongo, wenye uzito wa kilo 1.4 hivi, umeelea katika majimaji. Fuvu linapogeuka ghafla, ubongo huchelewa, na nyuzi zake laini huvutwa na kukunjwa. Mzunguko huo ndio unaozima fahamu, zaidi ya ule mgongano wenyewe. Na kwa nini konde ambalo hukuliona ni baya kuliko yote? Kwa sababu shingo haikupata nafasi ya kukaza. Shingo iliyokazwa hukiunganisha kichwa na kiwiliwili, na konde linalazimika kusukuma kitu kizito. Shingo iliyolegea inakiacha kichwa peke yake, kilo 4 au 5, kipokee kila kitu.

Japuonj hakunikemea wala kunibembeleza. Alinipandisha matatu, akakaa nami njia nzima akiniuliza majina ya vijiji tulivyopita, na tulipofika nyumbani alimwambia mama asiniache nilale peke yangu usiku huo. Kwa majuma kadhaa hakuniruhusu kugusa glavu, hata nilipomwapia kwamba nimepona. "Jeraha la ngozi utaliona likifunga," aliniambia. "La ubongo nani ameliona?" Baadaye nilijua kwamba kanuni za ndondi za ridhaa pia humlazimisha aliyezimika kwa pigo la kichwa apumzike, na nokauti zikijirudia, apumzike zaidi. Yeye alifuata jambo hilo kwa sababu alikuwa amewaona mabondia wa zamani wakiongea kwa ulimi mzito kabla nywele zao hazijaingia mvi.

Wangila, shujaa wetu wa redioni, aliingia ndondi za kulipwa na kwenda Marekani. Julai 1994 alipigana na David Gonzales mjini Las Vegas, pambano likasimamishwa, na siku chache baadaye akafariki kwa majeraha ya ubongo. Alikuwa na miaka 26. Mtu aliyezipeleka nguvu za ardhi hadi kwenye kilele cha Olimpiki alikufa kwa nguvu za aina ile ile zilizomrudia. Sikuacha kuzipenda ndondi siku tulipozipata habari hizo, na sitasema kwamba niliziacha. Ila tangu hapo sijawahi kuufundisha mwanzo wa konde bila kuufundisha mwisho wake.

Wazazi huniuliza kama glavu na kofia za kujikinga hazitoshi. Nawajibu kwa fizikia. Glavu hutandaza kani juu ya eneo pana na kurefusha muda kidogo, hivyo uso haukatwi sana. Inachokilinda vizuri zaidi ni mkono wa mpigaji, ambaye kwa kulindwa huko anaweza kupiga kwa nguvu zake zote raundi baada ya raundi bila kuvunjika. Kofia nayo hupunguza michubuko na michaniko, lakini haizuii kichwa kuzunguka. Vifaa hivyo vivaliwe, na pasiwe na mtu wa kudhani kwamba vimemaliza hatari.

Kwa hiyo vijana wangu hufuata mpangilio alioniachia fundi yule wa mashua. Miguu kwanza, na mazoezi ya shingo wiki hiyo hiyo. Kifundo na mafundo mawili ya ngumi kabla ya gunia. Mazoezi ya kupigana wawili wawili hufanywa kwa konde jepesi, na anayelirusha la nguvu zote kwa mwenzake anavua glavu siku hiyo. Aliyetikisika kichwa hapigani, hata kama fainali ni kesho na kijiji kizima kimechanga nauli.

Kwa wanaoandaa mapambano kandokando ya ziwa hili, kuanzia Kisumu hadi Bondo, ombi langu ni la wazi. Pawe na daktari ukingoni mwa ulingo kabla kengele ya kwanza haijalia. Pawe na gari la kumkimbiza mtu hospitali. Kila bondia awe na kitabu kinachoonyesha ni lini aliangushwa na ni lini aliruhusiwa kurudi. Na makocha wafundishwe hesabu hizi chache, kwa maana hazihitaji zaidi ya ubao na chaki. Vijana wa ufuo huu wamekua wakisukuma mashua, na nguvu wanazo tayari miguuni mwao. Tunachodaiwa sisi watu wazima ni maarifa ya kuzitumia, pamoja na ulinzi kwa kila atakayezipokea.